Harusi ya Mrehani

Kuna swali moja nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu, nalo ni "kwa nini?" Kazi yangu ni kutembeza wageni. Nawapokea Dodoma mjini, nawapandisha Kondoa wakaone michoro ya kale kwenye miamba ya Kolo, na wakishaiona ile michoro, ambayo haina wa kuulizwa kwa sababu walioichora walikwisha kufa zamani, wananigeukia mimi niliye hai. Wanataka mila. Wamesoma mahali kwamba Waislamu wa huku wana hivi na Wahindi wa mjini wana vile, na wanataka kuviona vyote kabla ya kupanda treni kurudi Dar es Salaam.

Sisemi kwamba ni watu wabaya. Wengi ni wapole kuliko sisi wenyewe. Lakini mtu akikuuliza kwa nini unamwamkia mama yako shikamoo, ukamjibu, kesho akaja mwingine na swali lilelile, na kesho kutwa mwingine, unafika mahali unamwamkia mama yako huku unajisikiliza. Hilo ndilo linalonichosha. Kitu kilichokuwa chako kinageuka maelezo.

Mimi ni mzaliwa wa Busi, kijiji cha hukohuko Kondoa, Mrangi, Mwislamu, na sasa ni mjane. Kaka yangu mkubwa yuko kulekule Busi, analima na kufundisha watoto madrasa. Mwaka mmoja mvua zilitugomea kabisa. Watu walikwisha panda, mbegu zikawa chakula cha ndege, na imamu akatangaza sala ya kuomba mvua. Nilikuwa na mgeni siku hiyo, mzee mmoja mrefu wa Kiholanzi, nikaenda naye, akakaa pembeni kwa adabu. Tulitoka wote uwanjani, wazee, watoto, hata mbuzi na ndama, maana na wao wana kiu. Baada ya sala imamu alivua joho lake akaligeuza nje ndani, na wanaume wote wakageuza makoti na mashuka yao, kumwomba Mungu ageuze hali yetu kama walivyogeuza nguo. Mgeni wangu naye, kwa heshima tupu, akavua jaketi lake akaligeuza. Alishinda nalo hivyo mpaka Kondoa mjini, mifuko inaning'inia nje na lebo inasomeka mgongoni, na kila tulipopita watu walivunjika mbavu. Njiani akaniuliza kama itanyesha. Nikamwambia sijui. Akaanza, "Sasa kama hamjui, kwa nini..." Nikawasha redio ya gari.

Wahindi wa Dodoma nimewajua kwa njia hiyohiyo ya kazi. Zamani walikuwa wengi pale mtaa wa Uhindini, wenye maduka ya vitambaa na vyuma mbele na ua wa kuishi nyuma. Siku hizi wamebaki wachache. Watoto wao wamekwenda Dar, wamekwenda Nairobi, wamekwenda Uingereza, na mji wenyewe umejaa serikali. Katika hao wachache alikuwepo bibi mmoja Mhindu ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, maana yake mama kwa Kigujarati. Alizaliwa Kondoa kama mimi, baba yake alikuwa na duka pale mjini, na alikuwa bado anakumbuka maneno ya Kirangi ya kuuzia chumvi. Aliolewa Dodoma, mumewe akafa mapema, mtoto hakupata. Aliishi kwa kuuza achari na chevda, vile vitafunwa vyao vya kukaanga, peke yake, kwenye nyumba ya vyumba vingi kupita mahitaji yake. Na kila mwaka, siku kadhaa baada ya Diwali, aliandaa harusi ya mrehani.

Nieleze, maana ndiyo kazi yangu. Bibi harusi ni mche wa mrehani, ule wenyewe wanauita tulsi, umepandwa kwenye chungu. Bwana harusi ni jiwe jeusi, laini, la kuenea kiganjani, ambalo kwao si jiwe bali ni Mungu mwenyewe. Mche unavishwa kipande cha sari nyekundu kilichoshonwa kwa kipimo chake, unavishwa bangili kwenye matawi, na kipini cha puani kinatundikwa palipo na nafasi. Miwa inasimamishwa kuwa hema juu yake. Jiwe linatoka hekaluni kwa msafara na ngoma, linapokelewa mlangoni kama anavyopokelewa bwana harusi yeyote, na wanaoana. Wanasema Mungu wao huwa amelala miezi kadhaa, miezi ya mvua za huko India, na harusi za watu hazifungwi mpaka aamke na kumwoa mrehani. Kwetu Dodoma hiyo ndiyo miezi ya vumbi. Nilizoea kuwaambia wageni kwamba hata ningekuwa mimi, ningelala.

Kuna jambo moja ndani yake ambalo wageni walilipenda kuliko yote. Kwa Wahindu, kumtoa binti kwenye ndoa ni sadaka kubwa, na asiyejaliwa binti anaweza kuoza mrehani akapata thawabu ileile. Wageni wakisikia hivyo walikuwa wanamtazama Ba kwa macho ya huruma, wanapiga picha. Ba hakujali. Harusi bila watu si harusi, alikuwa ananiambia, wewe lete tu, lete hata wanaokula sana.

Urafiki wetu lakini haukutoka kwenye harusi hizo, ulitoka kwenye eda. Mume wangu alipofariki nilikaa ndani miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Nikiwa katikati ya eda, wakala mmoja wa Arusha anayeniletea wageni akanipigia simu. Ana mwanamama, akasema, mtafiti kidogo na mtalii kidogo, anatamani sana kuonana na mwanamke wa Kiislamu aliye edani. Je, naweza kumtafutia? Nikamwambia yupo mmoja, ndiye huyu unayeongea naye, na hapokei wageni. Nilikata simu nikalia kwa hasira, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nililia vizuri tangu mazishi.

Wiki hiyohiyo Ba alikuja. Alipanda bajaji kutoka mjini mpaka kwangu Ihumwa, mzee mzima, na vumbi lote lile. Alikaa na mimi kwenye mkeka akanywa chai ya tangawizi, akaongeza kikombe. Hakutoa pole nyingi. Aliniuliza eda ikiisha inakuwaje. Nikamwambia ikiisha natoka, naoga, navaa nguo ya rangi, nikitaka naolewa.

"Halafu ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha."

Akatazama sari yake nyeupe ya ujane, ambayo alikuwa ameivaa tangu hana mvi hata moja. "Kwetu haina mwisho," akasema, akaomba sukari.

Tangu siku hiyo nilikuwa napita kwake hata nisipokuwa na wageni. Nilikunywa chai yake, nilikula kachori zake, nilimpelekea dawa zake za presha. Mimi sina mama tena, na sitazunguka kwenye hili: nilimpenda.

Mwaka jana wakati wa kiangazi aliniita. Mpwa wake wa Uingereza alikuwa amemkamilishia karatasi, na baada ya Diwali anaondoka, moja kwa moja. Miguu ilikuwa imegoma, macho nayo yanaelekea huko, na nyumba imekwisha pata mtu wa kuinunua. Alisema yote hayo kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Wamenipangia vizuri," akasema. "Sina neno." Lililomkaa rohoni lilikuwa mche wake. Ndege haziruhusu udongo wala mmea. Hekaluni ipo mirehani mingine, lakini anayeimwagilia ni mlinzi, akikumbuka. Familia zilizobaki kila moja ina wake, au inaishi ghorofani kusikofika jua.

"Huyu nilimtoa kwenye mbegu ya aliyekufa," akaniambia, "na yule nilimtoa kwenye mbegu ya mwingine, mpaka yule niliyepewa na mama yangu Kondoa nikiolewa. Akifa huyu, sina kizazi. Mchukue wewe."

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilichoka kabla hata ya kufikiri. Ihumwa tuna mgao wa maji, kuna wiki bomba linatoa upepo mtupu. Na juu ya maji kulikuwa na dini. Mche huu kwa Ba si pambo, ni mungu wa kike aliyevaa majani, na mimi nina kibla changu. Jioni nikampigia kaka yangu Busi, nikijua atanisema.

"Ni mrehani?" akauliza.

"Ni mrehani, au ndugu yake."

"Si ndio huu tunaowatilia maiti harufu nzuri?"

"Huohuo."

"Sasa mrehani una dini gani? Mwagilia. Ila usiuwashie taa, usiuzunguke, na usije nao huku Busi watu wakaniuliza mimi."

Nikarudi kwa Ba. Nikamwambia, Ba, nitamwagilia, sitamwabudu. Akacheka. "Wa kumwabudu mimi nipo, hata nikiwa mbali. Wewe nakuomba maji." Kisha akaanza kufurahi taratibu, namuona. Akasema miaka yote mrehani wake aliolewa jioni na kurudi kulala kwa mama yake jioni hiyohiyo, kwa sababu hapakuwa na pa kumpeleka. Binti gani huyo? Safari hii anaolewa na anaondoka kweli. Anakuja kwangu.

Siku ya harusi nilikuwa na wageni wawili, mume na mke Wajerumani, wastaafu, watu wa kusema ahsante kwa kila kitu. Kuhani, ambaye wenyewe humwita maharaji, alikuja kwa treni kutoka Dar kwa sababu wa hapa mjini alikuwa amesafiri. Miwa ilisimama, bibi harusi alikuwa amependeza, jiwe likaja na ngoma na watu wasiozidi wa kujaza gari mbili. Kisha mambo yakasimama. Mume na mke waliokuwa wanamtoa bibi harusi kila mwaka kwa niaba ya Ba walikuwa wamehamia Dar, waliahidi kuja, na mchana ule wakapiga simu kuomba radhi. Anayetoa sharti awe mume na mkewe, na wengine waliokuwepo walikuwa vijana wasiooa na wazee waliofiwa na wenzi wao.

Hapa lipo jambo ambalo sikuwahi kuwaambia wageni hata mmoja. Mjane wa Kihindu, kwa desturi yao ya zamani, hasogei mbele kwenye harusi. Ni mkosi. Miaka yote hiyo Ba alipika, alipamba, alinunua bangili, na saa ya ndoa ikifika alikwenda kusimama kwenye mlango wa jiko, akawatazama watu wengine wakimtoa binti yake. Wageni walidhani ni mwenye haya. Nami niliwaacha wadhani hivyo, kwa kuwa sikutaka jambo lile liwe moja ya maelezo yangu.

Maharaji akauliza nani anatoa. Akauliza tena. Ba akatoka kwenye mlango wa jiko, taratibu kwa ile miguu yake, akaja mpaka chini ya miwa.

"Mimi," akasema.

Maharaji akamwambia jambo kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini, si kwa ubaya. Ba akamjibu kwa Kiswahili ili tusikie wote. "Mama yake ni mimi. Kama ni mkosi, naondoka nao wiki hii kwenye ndege."

Yule maharaji alikuwa ametoka kwenye safari na uso wake ulionyesha. Alilitazama jiwe, akaitazama miwa, akawatazama wale wazee, ambao wote walikuwa wamepata shughuli ya kutazama sakafu. Kisha akasema, haya. Ba akamimina maji kwenye kiganja, akashika tawi la mrehani kama unavyoshika mkono wa mtoto, akaliweka juu ya jiwe. Mgeni wangu wa kiume akaniinamia sikioni, akauliza nini kinaendelea. Nikamwambia mama anamtoa binti yake. Akauliza kwa nini kuhani amekasirika. Nikamwambia hajakasirika, amechoka na treni. Sikuweza kusema zaidi kwa sababu nilikuwa nalia, na nilikuwa nimechoka kutafsiri machozi.

Walipomaliza, wale vijana walibeba chungu mpaka kwenye gari langu, na wageni wangu wakakaa nyuma wamekikumbatia, mmoja huku na mwingine kule. Ba alinishika mkono dirishani. "Mkwe," akaniambia, "matuta yote ya barabarani, polepole." Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana sisi nyanda hizi utani ni chakula. Nikamjibu, usiwe na wasiwasi, mkwe wangu, mahari tutaongea baadaye. Yeye hakucheka, alitikisa kichwa tu kwa namna yao ile, nami nikaondoa gari.

Siku ya safari yake ilikuwa bahati kwamba barabara ya Dar inapita kwetu. Aliniambia atasimama kumwona mrehani na kuniaga. Basi niliamka mapema nikapika. Ba hali nyama, kwa hiyo nilinunua sufuria mpya kabisa ili wali wake usije ukanuka ng'ombe. Nikapika wali wa nazi, maharage, mchicha wa karanga. Nikachemsha chai ya tangawizi. Nikatandika kitambaa cha meza ambacho sikukitandika hata siku mkuu wa wilaya alipopita mtaani kwetu.

Alifika jua limeshapanda, ndani ya teksi iliyojaa mabegi, na dereva mwenye haraka. Alikwenda kwanza kwa mrehani, ambao nilikuwa nimeuweka ukutani upande wa mashariki, akaupapasa, akauchuma majani mawili makavu. Akaridhika. Nikamwambia karibu ndani. Akasema hapa panatosha, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje, kwenye kivuli chembamba cha bati. Nikamwambia chakula kiko tayari. Akasema ahsante, hapana. Nikasema basi chai. Hapana. Nikaleta maji kwenye glasi, baridi, kwenye sahani yake, nikampa kwa mikono miwili. Akaweka kiganja juu ya glasi.

"Hapana, mkwe. Siwezi."

Kila mtu wa umri wangu hapa Dodoma anakijua kikombe cha mfanyakazi. Wazazi wetu waliofanya kazi kwenye nyumba za Wahindi walitusimulia: kile kikombe cha bati kilichokaa peke yake nje ya jiko, ambacho tajiri hakukigusa na wewe hukuruhusiwa kugusa chake. Mama yangu mdogo alikinywea miaka na miaka. Nilikiona siku ile, wazi kabisa, juu ya meza yangu yenye kitambaa. Nikafikiri, kumbe. Kumbe chai zote zile nilizokunywa kwake, na mimi ndiye niliyekuwa nakunywa kwake, siku zote, na leo anaondoka asirudi tena ndiyo ananionyesha.

Nilimwambia. Sikumficha. "Ba, nimenunua sufuria mpya kwa ajili yako. Kama maji yangu ni machafu kwako, ungeniambia mapema, nisingejisumbua."

Alinitazama kama niliyempiga kofi. Dereva alikuwa amewasha injini, na yeye akampungia mkono azime.

"Kwako nimeshakunywa chai," akasema.

"Ndiyo maana nashangaa."

"Siku ile nilikuwa mgeni. Leo nina binti hapa."

Sikuelewa, naye aliona kwamba sikuelewa. Akanieleza polepole, kwa pumzi fupi, kwamba kwao, kwa watu wa zamani kama yeye, mama hali wala hanywi kwenye nyumba aliyomtoa bintiye. Hata maji. Ukishamtoa umemtoa sadaka, na ukirudi ukala kwenye nyumba ile, ni kama umeipokea bei yake. Mama yake mwenyewe, alikuwa akitoka Kondoa kuja kumtazama, siku nzima njiani, akifika anakaa barazani na koo kavu.

"Nilivunja moja siku ile, mbele ya maharaji," akasema. "Nilisimama pasipo pangu. Hii siivunji. Nikiivunja na hii, nitakuwa sikumtoa mtu. Nitakuwa nimekuachia mche tu."

Nilikaa chini, pale pale sementini. Niliona haya, na juu ya haya nilikuwa bado na hasira kidogo, maana hasira haiondoki kwa kuambiwa, na wali ulikuwa unapoa. Miaka yote natembeza watu kwenye harusi ile, na sikuwahi kujua kwamba kwa mwenyewe ilikuwa harusi. Nilidhani ni ibada yenye umbo la harusi. Yeye alikuwa ameniozea mtoto, ameniita mkwe, na mimi nikadhani ni utani.

Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Mbele yake kulikuwa na safari ya siku nzima.

"Utakunywa wapi?" nikamuuliza.

"Chamwino. Dereva atasimama."

"Chamwino mbali kwa jua hili. Kwa jirani je?"

Akafikiri. Nilimwona akilipima jambo lile kwa makini, kama hakimu. "Jirani si kwa binti," akasema.

Nikamshika mkono tukavuka uchochoro. Jirani yangu ni mama wa Kigogo, mtu wa kanisani, alikuwa uani anapeta uwele. Nikamwambia, jirani, naomba maji ya kunywa, ya mama huyu.

"Karibuni. Kwako yamekatika tena?"

"Kwangu yapo. Ila huyu ni mkwe wangu, hawezi kunywa kwangu."

Jirani akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Aa, mkwe," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo analolijua tangu utoto. "Kwetu hata mlango wako asingeuona." Akaingia ndani, akatoka na jagi na glasi juu ya sinia, akapiga goti kidogo kumpa, kama anavyopewa mkwe. Ba akanywa. Akanywa yote bila kupumzika, maji mengine yakamshukia kidevuni mpaka kwenye sari, akanyoosha glasi akaongezewa, akanywa tena. Mimi nilisimama pembeni nikamtazama mtu ninayempenda akinywa maji ya nyumba nyingine, na moyo wangu ukatulia.

Dereva akapiga honi. Nilimpandisha garini, nikampangia begi la dawa mapajani, nikafunga mlango. Akashusha kioo, akaishika mikono yangu yote miwili.

"Mkwe," akasema, "ukimchoka, usimtupe. Nirudishie mwenyewe, kama nilivyokupa."

Hayo ni maneno ya wazazi. Nimeyasikia kwenye kila harusi ya Busi tangu nikiwa mdogo, baba anamwambia mkwewe mbele ya watu: ukimchoka binti yangu usimpige, nyumbani kwao kupo, mlete. Ba mwenyewe hakuwa na kwao tena. Nyumba ya Uhindini ilikuwa na kufuli la mtu mwingine, na huko anakokwenda alikuwa anakwenda kupewa chumba kwenye nyumba ya watu.

"Nikimchoka nitamleta kwako mwenyewe, mkwe," nikamwambia, maana ndivyo anavyojibiwa mama wa bibi harusi, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu ambaye ana mlango wa kumfungulia.